Ukuta Tunaoshirikiana na Bi Masouda

Jumanne, 12 Mei 1970

Mwanangu Aliya amefika leo kutoka Sur, tumbo liko mbele na miguu imevimba. Mumewe, Aflah, yuko kazini Kuwait, na mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake, basi kaja kwetu Matrah. Nimefurahi sana. Alipouliza atalala wapi ndipo furaha ikanikatika.

Nyumba yetu hapa Jibru ina vyumba viwili juu na ghala chini. Chumba cha mbele kinatazama bahari, ndimo ninamolala na Thabit, mume wangu. Cha nyuma kimeegemea nyumba ya jirani, na dari yake ina ufa. Nimempa Aliya cha mbele, akae na mimi. Thabit atalala ukumbini. Chumba cha nyuma nimekifunga.

Nimeanza kuandika tena leo. Unguja nikiandika kila siku, nilipokuwa nasomesha skuli ya wasichana. Hapa sijasomesha mtu.

Ijumaa, 15 Mei

Ufa unaanzia pembeni, juu ya ukuta tunaoshirikiana na Bi Masouda, unakwenda mpaka kati ya dari. Boriti mbili zimeliwa na mchwa. Ni boriti za mikandaa, zimetoka kwetu pwani ya Afrika kabla mimi sijazaliwa, na kila nikizitazama huona kama nazo zimechoka kukaa ugenini.

Nyumba hii nusu yake ni bangili zangu. Tulipokimbia Unguja mwaka wa sitini na nne tulitoka na nguo za mwilini, na dhahabu nimeishonea ndani ya mto aliokuwa akilalia Aliya. Nusu ya pili kaitoa Ghanim, kaka yake Thabit, mfanyabiashara wa Dubai. Tulikubaliana kuwa sisi tukae, ghala tulipangishe, na faida tugawane. Mpangaji wetu anaweka ndimu kavu na papa, na harufu yao inapanda ngazi bila kubisha hodi.

Kosa letu lilikuwa kununua nyumba katika nchi ambayo huruhusiwi kutia mwiko wa saruji kwenye ukuta wako mwenyewe mpaka upate ruhusa ya serikali. Thabit ameomba. Hajajibiwa. Mwaka juzi tulimleta fundi kwa siri, alfajiri, akaanza kuziba. Jua halijapanda, Marhoon alikuwa mlangoni. Marhoon ndiye mwangalizi wa mtaa wetu, ajuaye nani anajenga na nani katembea bila fanusi baada ya mzinga wa usiku wa kufungia milango ya mji. Fundi alikimbia. Thabit alifungiwa mpaka kesho yake, na aliporudi alilazimishwa kuubomoa kwa mikono yake ule udongo mbichi, Marhoon amesimama anamwangalia. Tangu siku hiyo mume wangu husema kwa sauti ya chini hata akiomba chumvi.

Nnamjua aliyetusemea. Hakuna dirisha linaloangalia ua wetu ila la Bi Masouda.

Jumatano, 20 Mei

Joto. Nimebandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa uji wa unga, nione kama unapanuka.

Jumamosi, 30 Mei

Nimekutana na Bi Masouda kwenye ngazi ya mtaa, mimi na yeye na mchukuzi wa maji kati yetu. Nikamwamkia. Akaitika, akamtazama Aliya tumbo, akauliza kwa Kiarabu mwezi wa ngapi. Nikamjibu mimi kabla Aliya hajafungua mdomo, kwa ufupi, tukapita.

Ni mjane asiye na mtoto, mrefu, mikono kama ya mwanamme. Hajatoka Oman maisha yake. Kiarabu chetu humchekesha, na Kiswahili akikisikia hunyamaza mpaka tumalize, kama mtu anayengojea mvua ipite. Nyumba yake na yetu zamani ilikuwa moja, ya ndugu wawili. Walipogombana wakagawana, na mlango wa kati wakauziba kwa mawe na udongo. Alama ya mlango bado inaonekana katika chumba cha nyuma.

Alkhamisi, 4 Juni

Ishaq, anayekwenda na kurudi Dubai na bidhaa, kaleta maneno ya Ghanim. Amempata tajiri wa hapa Matrah anayetaka nyumba yetu yote aifanye ghala. Anasema Maskati haina mbele, na pesa zetu zinaoza hapa wakati Dubai kila mwenye kiwanja anatajirika. Tuuze, twende.

Nikamuuliza Thabit ana maoni gani. Akasema kaka yake ana uzoefu. Hilo si jibu.

Jumanne, 9 Juni

Karatasi imechanika. Nimebandika nyengine.

Jumapili, 14 Juni

Upepo wa gharbi umeanza, unatoka jangwani kama mtu amefungua tanuri. Mtaa mzima unalala juu ya mapaa. Sisi peke yetu tumo ndani, kwa sababu paa letu sitaki hata paka alikanyage. Aliya analowa jasho, anajigeuza, anaomba angalau alfajiri apande juu. Nimekataa. Ameniita mkatili, halafu kaniomba radhi, halafu kalia.

Nimesikia Bi Masouda juu ya paa lake anamwaga maji sakafuni ili papoe. Nimemchukia kwa sauti hiyo tu.

Jumatatu, 22 Juni

Nimemlazimisha Thabit akaulize tena ruhusa. Alikaa barazani kwa liwali tokea asubuhi, akarudi adhuhuri na jibu kwamba waungwana wenzake wote wanangoja. Nilimwambia akamwambie huyo liwali kuwa tuna mja mzito ndani. Akasema kamwambia. Sikumuamini, nikaona aibu kutomuamini.

Jumatano, 1 Julai

Karatasi ya tatu imechanika. Safari hii mchanga ulinidondokea machoni nilipokuwa nabandika.

Jumatatu, 6 Julai

Hakuna jipya. Hakuna hewa.

Jumamosi, 11 Julai

Ghanim kaja mwenyewe, bila taarifa, na saa ya dhahabu na sanduku la ngozi. Nilimpokea kama inavyopasa, nikampikia pilau na jasho linanichuruzika. Alipomaliza kula Thabit akamwambia, mbele yangu, "Kaka, wewe utalala chumba cha mbele."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwita Thabit jikoni, nikamuuliza mwanawe alale wapi. Akasema Aliya na mimi tuhamie cha nyuma, siku chache tu, kwa kuwa hawezi kumlaza kaka yake ukumbini kama mpita njia na nusu ya nyumba ni yake. Nikamwambia nusu hiyo iwe ni ile yenye ufa. Alikuwa na uso ule wa siku ile anabomoa udongo, nami nikashindwa kuendelea.

Tumelaza magodoro mbali na ufa, chini ya alama ya ule mlango wa zamani. Aliya amelala chali. Anasikiliza dari.

Jumanne, 14 Julai

Ghanim hatakaa siku chache. Kila siku yuko kwa yule tajiri, akirudi anazungumza na Thabit mlango umerudishwa. Leo nimeusukuma nikaingia, nikakaa. Nikawaambia kuwa bangili zangu hazijauliza ruhusa ya mtu kuingia nyumba hii, na hazitatoka bila mimi kukubali. Ghanim akacheka kwa upole, akaniita shemeji yangu mpenzi, akasema dhahabu ikishakuwa mawe haina mwenyewe. Kisha akaniuliza nnaipendea nini nyumba hii, harufu ya papa au jirani mchongezi.

Nilisema tu kwamba nishakimbia nyumba moja, sitakimbia ya pili kwa sababu ya mchwa.

Thabit kaahidi kutia saini Jumanne ijayo.

Jumamosi, 18 Julai

Ghanim kaleta tajiri na watu wake wawili kuitazama nyumba. Nilikuwa chini na Aliya. Nikasikia vishindo, nikatoka uani, nikatazama juu. Walikuwa wamepanda paani, wote. Tajiri alikuwa akiuliza kama paa linachukua mzigo, na Ghanim, kumthibitishia, akapiga mguu wake sakafuni. Akapiga tena. Nikapiga kelele washuke. Wakageuka wakanitazama kama mwendawazimu.

Wakati wa chakula nilimwambia Ghanim alichokifanya. Akasema mbona halikuanguka.

Jumapili, 19 Julai

Nimemwambia Thabit kwamba kesho Aliya harudi chumba kile, nitamlaza jikoni. Kakubali. Aliya kakataa jikoni kwa sababu ya moshi, kasema mchana atakuwa ukumbini, usiku tutaangalia. Leo usiku nimeketi macho, mgongo ukutani.

Jumanne, 21 Julai

Sasa nnaandika nyumbani kwa Bi Masouda. Nitaeleza kwa taratibu, maana kichwa changu hakijatulia.

Jana Ghanim alikuwa na wageni ukumbini, wanaume, na Thabit yuko kazini dukani. Aliya hakuweza kukaa humo, akaingia chumba cha nyuma ajinyooshe kidogo. Mimi sikujua. Nilikuwa chini nachambua mchele. Kwanza nikasikia kitu kama kuni inayovunjwa gotini. Halafu kishindo, na vumbi likashuka ngazini jeupe, likazima moto wangu.

Nilipofika juu wageni walikuwa wanashuka wakinipita, Ghanim mbele yao. Mlango wa chumba cha nyuma hausukumiki. Boriti zilikuwa zimeanguka nyuma yake. Nikamwita Aliya. Aliitika, lakini sauti ilikuwa ndogo, akasema mama, bado inashuka. Nikaupiga ule mlango kwa bega, kwa mawe, sijui na kwa vitu gani vyengine. Nilikuwa nasikia mchanga ukimiminika ndani kama mtu anayemwaga gunia.

Ndipo nikasikia pigo kutoka upande wa pili. Pigo zito, kisha jengine. Niliona ni nyumba yote inakwisha. Kumbe alikuwa Bi Masouda. Alikuwa akisikia boriti zikilia ndani ya ukuta tokea asubuhi, ameweka mtaimbo wa marehemu mumewe tayari. Aliposikia kishindo na sauti ya Aliya, alianza kuuvunja ule mlango uliozibwa wa zamani, peke yake. Udongo ulikuwa mkavu, ukakubali. Akatoboa tundu la kupita mtu, akajiingiza mpaka kiunoni, akamkamata Aliya makwapani, akamvuta na tumbo lake.

Nilikimbia nikazunguka kwa njia, nikaingia kwake bila hodi. Alikuwa ameketi chini, Aliya kichwa juu ya paja lake, wote wawili weupe kwa vumbi kama maiti. Bi Masouda alikuwa akimpangusa macho kwa ncha ya leso na kumwambia kitu kimoja tu, mara kwa mara, kwa Kiarabu: "Pumua, binti yangu. Pumua."

Tulipokuwa bado tunamtazama, upande wa pili dari iliyobaki ikaanguka. Godoro alilokuwa amelalia hatukuliona tena.

Uchungu ulianza magharibi. Mkunga kaletwa na Bi Masouda, maji kachemsha Bi Masouda, mimi nilikuwa kama mgeni. Leo kabla ya jua kuchomoza amezaliwa mtoto wa kike, mdogo, analia kwa nguvu. Aliya kavunjika mkono wa kushoto. Wote wawili wazima. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi.

Ghanim kaondoka asubuhi na mapema. Tajiri kavunja mapatano. Kwa kuaga, Ghanim alimwambia ndugu yake, "Nilikwambia tuuze mapema." Hakuuliza kilichozaliwa.

Jumatano, 22 Julai

Leo nimetaka kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya Kiarabu toka usiku nisije nikakosea. Nikaketi mbele yake, nikaanza. Akaninyanyulia mkono.

"Kabla hujanishukuru ujue," akasema. "Mwaka juzi aliyemwambia Marhoon ni mimi."

Nikamwambia nilikuwa nnajua.

"Ulikuwa unadhani. Sasa unajua." Alikuwa anamkunjia mtoto nguo, wala hakuacha. Akaniambia mumewe aliwahi kufungwa kwa chumba alichokiongeza uani, akatoka mgonjwa wa kifua, hakupona. Tangu hapo anaishi peke yake, hana mwanamme wa kumsemea. Alipomsikia fundi wetu alfajiri, aliona ikigunduliwa tutaulizwa sote, yeye na sisi, na ukuta ni mmoja. "Nilichagua nyumba yangu," akasema. "Tulikuwa tukishirikiana ukuta. Hatukuwa tukishirikiana kitu chengine."

Nikamuuliza kama anajuta. Akasema kuhusu Thabit kufungiwa anajuta, kuhusu kusema hajui bado.

Nilitoka nikakaa juu ya ngazi. Nilitaka kukasirika kama nilivyokuwa nikikasirika miaka miwili. Hasira ilikuwepo, nilipoitafuta niliikuta. Lakini ndani mwanangu alikuwa akicheka kwa kitu alichoambiwa na mwanamke yule, na sikuweza kuitoa hasira peke yake bila ya hicho kicheko kuja nayo.

Thabit hajui bado. Nimwambie au nisimwambie?

Alkhamisi, 23 Julai

Nimemwambia. Aliiweka chai yake chini. Kisha akachukua kikapu cha tende alizopewa dukani, khalasi za mwanzo wa msimu, akaenda mwenyewe akabisha hodi kwa Bi Masouda. Sijui walisema nini. Aliporudi alisema tu kwamba yule bibi kala tende saba akamwambia si nzuri kama za kwao.

Alasiri kaja Marhoon. Ameliona tundu. Kusema kweli alisikitika, alimtazama mtoto na kumuombea. Lakini akasema kuanguka kwa paa ni amri ya Mungu, kuvunja ukuta ni kazi ya mkono, na yeye ataulizwa. Nani kavunja?

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Bi Masouda akatangulia. "Mimi. Na mtaimbo huo hapo, ukitaka kuupeleka."

Ameambiwa afike barazani Jumapili asubuhi. Marhoon alipokwisha kutoka, Bi Masouda aliketi papo hapo, akaomba maji.

Ijumaa, 24 Julai

Watu wanasema kuna jambo kusini, Salala, anakokaa Sultani. Kila mmoja ana lake. Thabit kaambiwa dukani asizungumze. Bi Masouda kafua nguo yake nzuri.

Jumapili, 26 Julai

Nilimwambia Bi Masouda kwamba nitakwenda naye. Alikataa. Nikamwambia kuwa tundu liko upande wangu pia. Thabit alivaa, akasimama mlangoni, akasema na yeye. Nilitembea karibu naye njia nzima.

Hatujafika, tukasikia bunduki. Bi Masouda akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Tukajibanza ukutani. Bunduki nyingi, halafu ngoma, halafu watu wakaanza kupita mbio, nikawaona wanacheka. Mwanamme mmoja nisiyemjua alimkumbatia Thabit. Akatwambia Sultani ameondoka, mwanawe amekaa mahala pake, imetangazwa redioni. Thabit akamuuliza mara tatu.

Barazani milango ilikuwa wazi na hakuna aliyekaa. Tulimkuta Marhoon nje, amesimama kivulini, hajui aende wapi. Bi Masouda akamwendea, akamwambia yeye kafika kama alivyoambiwa. "Rudi nyumbani, mama," akasema. "Leo sina wa kumuuliza."

Tukarudi. Mtaani wanawake wapo juu ya mapaa wanapiga vigelegele. Bi Masouda aliingia ndani, akaketi karibu na tundu lake, akalia kwa sauti. Nilidhani ni furaha. Baadaye akaniambia alikuwa akimlilia mumewe na kile chumba chake kimoja cha uani.

Jumamosi, 1 Agosti

Ruhusa haiulizwi tena, kila nyumba inajengwa. Usiku taa zinawaka, watu wanatembea bila fanusi wakistaajabu nafsi zao. Mafundi hawapatikani. Boriti hazipatikani. Sisi tuna mbingu chumba cha nyuma.

Jumatano, 12 Agosti

Aliya anaweza kumbeba mtoto kwa mkono mmoja. Aflah kaleta salamu kutoka Kuwait, mtoto aitwe Azza.

Jumatatu, 24 Agosti

Ghanim karudi. Safari hii kaleta vitambaa vya Aliya na kikuku cha mtoto. Anasema watu wetu wataanza kuja, kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, kila mahala tulikotawanyika, na wote watataka pa kulala. Maskati, ambayo mwezi wa sita haikuwa na mbele, sasa ndiyo mahala pa kuweka pesa.

Amefikiri hivi: tununue na nyumba ya Bi Masouda. Ziwe tena moja kama zamani, maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Mlango wa kati ushafunguka, alisema, akachekea tundu. Bi Masouda ni mjane, atachukua atakachopewa, ataenda kwa jamaa zake Wadi Kabir. Nimsemeshe mimi, kwa kuwa sasa ni rafiki yangu.

Nilimuuliza kama anajua ni nani aliyelitoboa tundu hilo. Akasema anajua, ndiyo maana atanisikiliza.

Jumamosi, 29 Agosti

Nimemwambia Bi Masouda kila kitu kama nilivyoambiwa. Niliona asije akasikia kwengine. Akaniuliza mimi nataka nini. Nikamwambia sitaki ahame. Akasema, "Basi kamwambie hivyo mwenye saa ya dhahabu." Akaendelea kuchagua dagaa.

Alkhamisi, 3 Septemba

Leo usemi ulikuwa mmoja tu na aliyeusema ni Thabit, basi nauandika kama ulivyo.

Ghanim alikuwa amekasirika. Kasema kama hatutaki kukuza biashara, yeye atamuuzia yule tajiri nusu yake, tutaishi na wapagazi wa ghala ngazini mpaka tujute. Nilitaka kujibu. Thabit akaniwekea mkono begani.

"Uza, kaka," akasema, na sauti yake haikuwa ya chini. "Tugawane leo. Chagua wewe nusu uitakayo, sisi tutachukua itakayobaki. Lakini mwanangu alikuwa chini ya paa lile na wewe ulimpita mama yake ngazini. Sitashirikiana tena na wewe hata kikombe."

Ghanim kachagua mbele, bila kufikiri: ghala, chumba cha bahari, mlango mkubwa. Sisi tumebaki na jiko, ua, na chumba cha nyuma kisicho na dari. Walipokwisha kuandikiana mbele ya mashahidi, Thabit alitoka akaenda kutapika. Nilimshikia kichwa. Bangili zangu sasa ni kuta nne na jua ndani yake, na usiku huu sijapata kumpenda mume wangu kama hivi.

Alkhamisi, 10 Septemba

Tumepata boriti, Thabit kazitafuta mpaka Sidab. Tunapandisha na chumba kidogo juu ya jiko, cha kupangisha, maana kodi ya ghala imekwenda na nusu ya Ghanim. Fundi aliuliza tundu alifanye nini. Mimi nilisema tuliwekee mlango, tuwe tunapitiana. Nilidhani Bi Masouda atafurahi. Akasema lizibwe, tena kwa saruji nzuri. Ana haja ya jirani, hana haja ya wapangaji wetu kumpitia ukumbini.

Limezibwa. Alisimamia mwenyewe, akamrudisha fundi mara mbili.

Jumamosi, 19 Septemba

Aliya kaondoka na Azza kurudi Sur. Nyumba kimya. Joto limevunjika, asubuhi kulikuwa na upepo wa bahari.

Mchana kaja mpangaji wa kwanza. Anaitwa Sayyida, mwanamke wa Unguja wa rika langu, katokea Mombasa na watoto wake. Miaka sita wamekaa kwa watu. Nilimwonyesha chumba kipya. Alitazama dari kwa muda, nami nikamwacha atazame. Akauliza kodi, tukapatana. Kisha akauliza lile analouliza kila mtu aliyewahi kufukuzwa nyumba: majirani wakoje?

Nikamwambia, "Nyuma ya ukuta huu anakaa Bi Masouda. Mwaka juzi alitushtaki, mume wangu akafungiwa. Mwaka huu kamtoa mwanangu chini ya boriti. Ukimuuliza atakwambia yote mawili, hafichi."

Akauliza, "Basi nimwendee, au nijiweke mbali?"

Nikamwambia amwendee leo hii, kabla hajafungua mizigo, na amwamkie kwa Kiarabu hata kama kibovu. Akajifunika vizuri, akatoka. Nilibaki chumbani nakunja magunia. Nikasikia anabisha mlango wa pili, na sauti ya Bi Masouda ikauliza kwa ukali ni nani huyo. Sayyida akajibu kwa Kiarabu kibovu kweli kweli. Kisha komeo likavutwa.